Rafika, Aliyekifunga Kinu cha Baba Yetu

Ndugu na jamaa, majirani zetu wa Bir Lawz, nanyi mliotoka manispaa na mkoani, amani iwe juu yenu nyote. Mimi ni Tijani Shatti, mdogo wake marehemu, na ndiye ndugu pekee wa tumbo moja aliyekuwa naye. Hapa kwetu hatuna mazoea ya kusoma maisha ya mtu kwenye karatasi, tunasoma Qurani, tunakula, tunatawanyika, lakini binti yake Olfa ameomba isomwe, ameiandika mwenyewe, kurasa mbili, akanikabidhi jana baada ya sala ya alasiri kwa sababu mimi ndiye mkubwa wa familia sasa. Nimeisoma mara nne. Pana mstari mmoja humu ambao siwezi kuusoma kama ulivyo, si kwa kuwa Olfa amekosea, bali kwa kuwa hajui, na waliojua walikuwa watu watatu tu, mmoja wao tumemzika juzi. Nikifika hapo nitaiweka karatasi chini niseme ya kwangu, naomba mnivumilie.

Marehemu Rafika Hmida Shatti alizaliwa siku ya Jumatatu, tarehe 11 Novemba 1963, katika nyumba yetu iliyo nyuma ya kinu cha kukamua zeituni, akiwa mtoto wa kwanza wa Mzee Hmida Shatti na Bi Mannubia, ambao wote wawili wametangulia mbele ya haki. Ilikuwa katikati ya msimu, mama alishikwa na uchungu akiwa amekaa kwenye mkeka anachambua majani, na baba alipopelekewa habari kwamba amepata mtoto wa kike aliuliza kama mama yu mzima, akarudi kwenye mashine, akafika nyumbani jioni akiwa ananuka mafuta mwili mzima, na inasemekana mtoto alipopakatwa alinyamaza hapo hapo. Mimi nilizaliwa miaka mitano baadaye, na baada yangu mama hakupata mwingine.

Marehemu alianza shule ya msingi hapa Bir Lawz mwaka 1970 na kuimaliza mwaka 1976, akaenda bweni mjini Mahdia kwa masomo ya sekondari hadi Juni 1983, kisha akajiunga na kitivo cha sayansi mjini Sfax, alikosomea kemia na kuhitimu tarehe 27 Juni 1987. Wajomba zetu walimwambia baba kwamba msichana hahitaji kemia ili kuolewa, naye baba akawajibu, "Mwacheni asome, kinu kina Tijani." Nilikuwa na miaka kumi na minne niliposikia neno hilo, nikajiona nimekabidhiwa dunia.

Kazi alianza tarehe 1 Septemba 1987, katika maabara ya kupimia maji mjini Sfax, akafanya huko karibu miaka minane, na tarehe 2 Mei 1995 akahamia manispaa yetu kuwa afisa wa kwanza wa mazingira, akapewa chumba kimoja pembeni mwa stoo, meza yenye mguu mbovu, na pikipiki ya zamani ambayo hakuna mwanamke aliyewahi kuonekana juu yake katika mji huu. Kazi yake ilikuwa kuhakikisha kwamba kila mwenye biashara, mwenye gereji, mwenye bucha, mwenye kinu, anafuata sheria ya kutochafua ardhi na maji, na kwamba manispaa yenyewe inafuata sheria hiyo hiyo, jambo ambalo wakubwa wake walikuwa wamelisahau walipomwajiri.

Nisiseme kwamba alianza vizuri. Lazhar fundi magari yuko hapa, atanisahihisha nikikosea, yeye alikuwa akimwaga oili chafu kwenye mtaro nyuma ya gereji, na Rafika alimwandikia faini tatu ndani ya mwezi mmoja bila kumpa hata salamu. Na mwaka 1999 kilikuwapo kiwanda kidogo cha kufulia jinzi kando ya barabara ya Mahdia, maji yake ya bluu yakitiririka hadi mashambani, Rafika akampa mwenye kiwanda siku sitini za kujenga mtambo wa kusafisha maji, yule bwana hakujenga, alipakia mashine zake kwenye malori akahamia mji mwingine, na wanawake thelathini na sita wakabaki bila kazi. Mmoja wao alimsimamisha mbele ya duka la mikate, watu wakisikia, akamwambia, "Dada Rafika, ahsante, leo watoto wangu watakunywa maji safi. Sasa niambie watayanywa na nini?" Rafika alirudi nyumbani bila mkate, akamwambia mumewe kwamba kila alichomfanyia yule bwana kilikuwa sahihi kwa mujibu wa sheria na kwamba bado anaona aibu.

Toka siku hiyo alibadilika, si kwa kulegeza, bali kwa kuwahi. Alinunua daftari la miraba na penseli, akawa anakwenda kwa mtu kabla ya kosa, anakaa kwenye kigoda, anamchorea shimo lichimbwe wapi, pipa liwekwe wapi, ni lori la nani linakusanya oili na linapita siku gani, anamjazia fomu ya kibali, anamsomea. Lazhar ananiambia kwamba siku aliporudi kwake na mapipa mawili matupu juu ya mkokoteni, alimwuliza, "Bi Rafika, leo umekuja kuniuzia mapipa?" naye akamjibu, "Nimekuja kukupunguzia uso wangu, ukiyatumia haya hutaniona hadi mwakani." Na kweli hakumwona hadi mwaka uliofuata.

Nirudi nyuma kidogo. Marehemu alifunga ndoa na Bwana Mohsen Laabidi, mwalimu wa hisabati, tarehe 21 Julai 1990, hapa hapa uani, na Mwenyezi Mungu akawajalia watoto wawili, Olfa, aliyezaliwa tarehe 9 Machi 1992, ambaye ni mfamasia, na Wajdi, aliyezaliwa tarehe 30 Agosti 1996, anayefanya kazi Lyon na aliyefika Ijumaa asubuhi akimkuta mama yake amekwisha kuoshwa. Mohsen ni mtu wa maneno machache, na waliishi pamoja miaka thelathini na mitatu bila sisi kusikia sauti ya ugomvi kutoka nyumba hii, ingawa Olfa ameandika hapa, nami nasoma kama alivyoandika, kwamba mama yake alikuwa mgumu wa kusifu, kwamba ukimletea alama kumi na tisa kati ya ishirini alikuwa akiuliza ile moja imekwenda wapi.

Mwaka 2004 marehemu aliandika ripoti juu ya mwajiri wake. Machinjio ya manispaa yalikuwa yakimwaga damu na kinyesi katika wadi yetu, ule mto unaokaa mkavu mpaka mvua zije, na jaa la takataka lilikuwa ukingoni mwa wadi hiyo hiyo, likiwaka moto wenyewe kila kiangazi. Alipima, akapiga picha, akaandika kurasa kumi na tisa, akampelekea meya na nakala mkoani. Wachinjaji walikuwa wakimtania akipita, "Jamani ficheni mapaja ya ng'ombe, mama amekuja kuyaomba kibali." Meya hakutania, alimhamishia masjala ya vizazi na vifo, akaandika vyeti kwa muda wa mwaka mmoja na miezi minane, wengi wenu mna vyeti vya watoto wenu kwa mwandiko wake. Alirudishwa Machi 2006, mkoa ulipodai kila manispaa iwe na afisa wa mazingira na hapakuwa na mwingine. Machinjio yakajengewa shimo mwaka uliofuata, kwa mchoro wake. Jaa lilihamishwa mwaka 2018.

Sasa nimefika kwenye mstari wenyewe. Olfa ameandika hivi: "Mwaka 2010, kwa kufuata sheria, alikifunga kinu cha familia, jambo lililoleta huzuni kati ya ndugu." Hapo ndipo naiweka karatasi chini.

Ninyi wenye vinu mnajua, na wengine mnanusa kila mwaka, kwamba zeituni zikikamuliwa hutoa mafuta na hutoa maji meusi, na maji hayo yakiingia ardhini huua mizizi, yakiingia kisimani hukiharibu kwa miaka. Tarehe 6 Oktoba 2009, siku ya Jumanne, wiki tatu kabla ya msimu, Rafika alikuja kinuni asubuhi, akiwa na kitabu cha kupokelea barua cha manispaa, kile chenye jalada la bluu, na notisi ya ukurasa mmoja, ikisema kwamba tangi letu la maji meusi ni dogo na lina ufa, kwamba kabla ya kukamua tujenge jingine la zege, lililotandikwa plastiki nene ndani, na kwamba maji yote yapelekwe kwa lori kwenye bwawa la kukaushia, lililo kilomita kumi na moja kutoka hapa. Nyuma ya notisi alikuwa amelichora tangi lenyewe kwa penseli, urefu, kina, mahali pa kuchimba, ili nisihangaike kutafuta mhandisi. Baba siku hiyo alikuwa Sfax kwa daktari wake wa moyo. Nilitia saini kwenye kitabu. Akaniambia, "Tijani, mwambie baba leo leo, usingoje." Nikamwambia, "Haina shida dada, akishapumzika." Akasema, "Usinijibu kama mteja." Tukacheka wote wawili.

Notisi niliitia kwenye droo, na sikumwambia baba, siku hiyo wala siku nyingine, kwa sababu nilijua angesema tujenge kwanza, na miti mwaka ule ilikuwa imebeba kama ambavyo haikuwahi kubeba kwa miaka kumi, na mimi nilitaka kukamua.

Kufika Januari tangi lilikuwa limejaa, bwawa la kukaushia limejaa, malori yanapanga foleni siku mbili kumwaga, na zeituni zilizorundikwa uani zimeanza kupata joto, ukitia mkono ndani ya rundo unaungua. Tarehe 15 Januari 2010, siku ya Ijumaa, watu wakiwa msikitini, nilikwenda nyuma ya kinu nikafungua koki inayoelekea kwenye wadi. Mawingu yalikuwa mazito, nilijiambia mvua itashuka iyapeleke mbali, hakuna atakayejua. Mvua ilinyesha kiasi cha kulowesha vumbi, ikakata. Koki niliiacha wazi siku nne.

Siku ya Jumanne Bi Dhahbia, ambaye shamba lake liko kando ya wadi, na ambaye namwona amekaa pale karibu na mlango, aliteka maji kisimani kwake yakatoka meusi. Aliibeba ndoo hadi manispaa, akaitua juu ya meza ya Rafika, akamwambia, "Mwanangu, nimekuletea kahawa." Rafika alivaa buti, akachukua chupa zake za sampuli, akaifuata wadi kwa miguu kupanda juu, akipita kinu cha kwanza, bomba kavu, kinu cha pili, bomba kavu, mpaka akatokea nyuma ya kinu chetu, mahali alipokuwa akicheza utotoni, akanikuta nimesimama juu ya koki.

"Funga, Tijani."

"Dada, bwawa limejaa. Zeituni zinachemka uani. Ulitaka nifanyeje?"

"Funga kwanza, halafu uniulize."

Nikafunga. Nikamwambia, Mungu anisamehe, "Andika kwamba yametoka kinu cha juu yetu." Akageuka akaangalia mlimani, akasema, "Juu yako kuna mawe, Tijani. Niandike mawe yamekamua?" Akajaza chupa mbili, akaandika saa na tarehe juu yake, akashuka na njia aliyojia.

Kesho yake aliandika mkoani kuomba aletwe afisa mwingine, kwa kuwa mwenye kinu ni baba yake, na jibu lilikuja baada ya siku kumi na mbili, kwamba hakuna afisa mwingine, aendelee. Hayo niliyajua baadaye. Siku ya Jumatano, tarehe 3 Februari 2010, alifika kinuni saa sita mchana pamoja na bwana mmoja kutoka mkoani na askari wawili wa manispaa, wafanyakazi wakasimamisha mashine, na baba alikuwa ameketi juu ya magunia anakula mkate na mafuta mapya. Alimwangalia, akamwuliza, "Umekuja kula au umekuja kufunga?"

"Nimekuja kufunga, baba."

"Bila kuniambia. Mtu baki angalau angeniambia."

"Niliandika, baba. Notisi ililetwa hapa mwezi wa kumi, na mtu akaipokea."

Baba akanigeukia mimi, mbele ya wafanyakazi kumi na mmoja, akaniuliza, "Tijani, uliiona karatasi?" Nikasema, "Sijaona karatasi yoyote, baba."

Rafika alikuwa na mkoba begani, na kutoka nilipokuwa nimesimama niliiona pembe ya bluu ya kile kitabu, na ndani yake kulikuwa na saini yangu. Ilimtosha kukifungua tu. Alinitazama, kisha akauvuta mkoba nyuma ya mgongo wake, akamwambia bwana wa mkoani waendelee, akatia lakiri kwenye mashine, kwenye mlango wa stoo, na kwenye ile koki, kwa mkono wake mwenyewe. Baba aliweka mkate chini, akasema, "Huyu simjui," akaingia ndani.

Baba aliishi wiki kumi na moja baada ya hapo. Rafika alikuja kila Ijumaa, anasimama mlangoni, na baba alikuwa akisema kwa sauti ya kumfikia, "Mwambieni nimelala." Alifariki Jumatatu, tarehe 19 Aprili 2010, akiamini kwamba binti yake aliyemsomesha alimvizia katikati ya msimu bila onyo. Na huko mkahawani watu waliponiuliza imekuwaje, niliwaambia, "Waulizeni wanaotaka mirathi," yaani kwamba Rafika alitaka kinu kife ili kiwanja kigawanywe. Neno hilo lilitoka kinywani mwangu mimi. Wengi wenu mliliamini, shangazi zetu walimpa mgongo siku ya msiba wa baba, na alikaa peke yake kwenye kona ya chumba cha wanawake, na watoto wake waliambiwa maneno hayo shuleni.

Mtauliza kwa nini hakujitetea hata baba alipokwisha kufariki. Mwezi Januari 2011, siku zile za mapinduzi mlizozishuhudia wenyewe, ofisi ya manispaa ilichomwa moto na mafaili yote yakaungua, kitabu cha bluu, ushahidi wake pekee, kikiwamo, na siku hiyo niliposikia, nilipumua. Nilikwenda kinuni mchana kweupe, nikang'oa lakiri kwa bisibisi, watu wakinipigia makofi kama mtu aliyetoka gerezani, nikakamua misimu mitano kwa tangi lile lile lenye ufa. Yeye aliniandikia barua mbili za onyo kwenye karatasi isiyo na nembo, kwa kuwa hata nembo zilikuwa zimeungua, zote nikazichana.

Kilichonisimamisha si barua. Mwezi Desemba 2015 niliagiza kuni za nyumbani, muuzaji akashusha magogo ya mzeituni, na nilipokuwa nikiyapanga nikalitambua gogo moja, la mti uliogawanyika mara mbili kutoka shinani, niliokuwa nikiukwea nilipokuwa mdogo, katika shamba la Bi Dhahbia. Nikamwuliza muuzaji. Akasema, "Bi kizee anauza yote, yamekauka, anasema bora yampe joto mtu." Nilimlipa, akaondoka, na kuni zile sikuweza kuziwasha, ziko uani kwangu hadi leo.

Kiangazi cha 2016 nilijenga tangi, kwa mchoro wa penseli uliokuwa nyuma ya notisi ile, kwa maana niliitunza muda wote huo, sijui kwa nini mtu hutunza kitu kama hicho. Niliomba ukaguzi manispaa, na tarehe 7 Novemba 2016 alikuja yeye. Hatukuwa tumezungumza kwa miaka sita. Alilijaza tangi maji ya bomba, akakaa juu ya kingo zake saa tatu nzima, kisha akasema, "Kona ya kushoto inavuja."

"Tone tu, dada."

"Nimeliona. Lizibe, nitarudi."

Alirudi tarehe 15, akakaa tena saa tatu, akatia saini. Nikaanza kumwambia, "Dada, ile habari ya baba," akaniwahi, akasema, "Mwezi wa tatu iangalie tena hiyo kona, zege hutanuka," akawasha pikipiki. Kuanzia hapo tulisalimiana, tulitembeleana sikukuu, tuliulizana hali. Jambo lenyewe hatukuligusa.

Naichukua tena karatasi ya Olfa. Kuanzia mwaka 2010 hadi alipoacha kazi, marehemu alichukua sampuli katika kisima cha Bi Dhahbia kila masika bila kukosa, akaziandika kwenye daftari, na mwaka 2019 alimwambia kwamba mifugo inaweza kunywa. Watu bado hawawezi. Bi Dhahbia ananunua maji ya gari hadi leo.

Tarehe 14 Machi 2022 marehemu aligunduliwa kuwa na uvimbe kwenye kongosho, akaanza matibabu Sfax, akastaafu kwa sababu ya ugonjwa tarehe 1 Juni mwaka huo, na hata hapo alikuwa akimwita afisa kijana aliyemrithi, Bi Ibtisam, anamfundisha kwa penseli kitandani. Nilikwenda kumwona mara kumi na moja katika ugonjwa wake. Kila mara niliondoka nyumbani nikiwa nimepanga la kusema, na kila mara nilizungumzia mvua. Alifariki dunia nyumbani hapa siku ya Alhamisi, tarehe 16 Novemba 2023, saa tano asubuhi, akiwa na umri wa miaka sitini na siku tano.

Ijumaa, tulipotoka makaburini, nilimwuliza Mohsen lile ambalo sikuthubutu kumwuliza mwenyewe, kwa nini siku ile hakukifungua kitabu. Mohsen akaniambia kwamba naye alimwuliza, jioni ile ile ya Februari, na Rafika akamjibu, "Baba ana moyo mbovu, hana siku nyingi, na Tijani ndiye atakayemnywesha dawa. Unataka baba ainywe mkononi mwake akijua kwamba mwanawe amemdanganya?" Akamwambia Mohsen asilitaje jambo hilo tena, na Mohsen hakulitaja.

Kwa hiyo nasema mbele yenu, na mbele ya Olfa na Wajdi, walioyasikia ya mkahawani wakiwa bado shuleni. Notisi ilikuja. Saini ilikuwa yangu. Koki niliifungua mimi. Mirathi hakuidai hata siku moja, na fungu lake la kinu liko kwangu hadi leo, hajawahi kuliuliza. Bi Dhahbia, miti yako niliiua mimi, na ulilijua hilo, na umekuja kula msibani kwangu, sina neno la kukuambia linalotosha, nitakuja kwako kesho asubuhi unipe masharti yako.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Sfax waliomhudumia kwa miezi ishirini, muuguzi aliyekuja nyumbani kumchoma sindano hata siku ya mapumziko, majirani wa mtaa huu waliopika kuskusi kwa siku tatu bila kuulizwa, Lazhar aliyelibeba jeneza kutoka mlangoni hadi makaburini akikataa kupokewa, wafanyakazi wenzake wa manispaa na wa mkoa, na Bi Ibtisam, ambaye jana, akiwa katika nguo za msiba, alikwenda kuchukua sampuli kwa sababu ilikuwa tarehe yake.

Dada Rafika, umekwenda walipo wazazi. Ukimkuta baba, atakuuliza ile karatasi. Usimwambie. Umelibeba miaka kumi na mitatu, liache sasa, nitakuja kumwambia mwenyewe. Lala, dada, upumzike.